Ufunguo wa Banda Uko kwa Nani? Barua ya Wazi kutoka Kabianga

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Kericho na Bomet. Kwa Waheshimiwa wawakilishi wadi wa mabunge ya kaunti hizo mbili. Na kwa wakuu wa Mamlaka ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi, Nairobi.

Waheshimiwa,

Naomba radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo desturi ingalitaka nilifikishe ofisini kwa bahasha iliyofungwa. Lakini bahasha nilizozifunga zimekuwa nyingi na majibu niliyoyafungua hayapo, na kwa kuwa mali ninayoisemea ni ya umma, sioni dhara yoyote umma ukisikia ninavyoisemea.

Mimi ni mzaliwa wa Kabianga, ila sehemu kubwa ya umri wangu niliitumia Mombasa, nikiwa karani katika ghala la chai, ambako kazi yangu ya kila siku ilikuwa kuandika daftarini idadi ya mifuko iliyoingia, idadi ya iliyotoka, na jina la aliyeipokea. Ni kazi isiyo na fahari, na mtu aweza kuifanya miaka thelathini asitajwe hata siku moja. Lakini ilinifunza somo moja ambalo sikulipata darasani, nalo ni kwamba mfuko usioandikwa jina la mpokeaji, hata ukiwa umejaa majani bora ya mlima wetu, umekwisha kupotea, ijapokuwa bado umesimama ghalani mbele ya macho ya kila mtu. Wahenga waliufupisha ukweli huo waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Niliporudi nyumbani kustaafu nikaukuta mfuko wa namna hiyo, mkubwa kupita wote niliopata kuuona. Katika kituo kimoja cha biashara ambacho sitakitaja, kisicho mbali na hapa niandikapo, lipo jengo lililojengwa kwa fedha za serikali ili liwe karakana ya mafundi: kuta zake ni imara, paa lake ni la mabati mazito, milango yake ni mipana kiasi cha kupitisha lori, na juu ya mlango mmoja imening'inia kufuli ambayo kutu imeila hata sidhani kama ufunguo wake ungeweza kuifungua lau ungepatikana. Nje ya ukuta huo, hatua chache tu, kando ya barabara, kijana fundi wa kuchomelea hutengeneza milango na madirisha chini ya vipande vya mabati ya zamani alivyovifunga kwa waya. Na nyinyi mnaijua alasiri ya Kericho ilivyo, kwamba wingu haliombi ruhusa na mvua ya mawe haitoi ilani, basi kila inaponyesha kijana huyo huzima stima, huifunika mashine yake kwa gunia, akajibanza ukutani mwa jengo kavu ambalo hana idhini ya kuingia, akangoja. Nilipouliza ufunguo uko kwa nani, mmoja aliniambia uko kwa chifu, wa pili akasema uko makao makuu ya kaunti, wa tatu akasema Nairobi, wa nne akanitajia mwenyekiti wa kamati ambaye ni marehemu, na wa tano akacheka, akaniuliza kama mimi ni mgeni.

Waheshimiwa, laiti lingekuwa jengo hilo peke yake, nisingeharibu karatasi. Lakini jengo hilo ni mwana wa ukoo mkubwa, na ukoo huo una historia inayofaa kukumbukwa kabla hatujazaa mwana mwingine. Mwaka 1967 serikali changa ya Jamhuri ilianzisha Shirika la Kenya Industrial Estates, likiwa tawi la Shirika la Maendeleo ya Viwanda na Biashara, kwa nia njema ya kumpa mwananchi mwenye ujuzi lakini asiye na mtaji karakana ya kupanga, mashine, na mtu wa kumshauri. Na miaka michache baadaye fikra hiyo ikapelekwa mashambani kwa vituo vya maendeleo ya viwanda vijijini. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akawaona wakifua chuma juani, akaamuru wapatiwe vivuli, na tangu hapo jina la jua kali likapata hadhi katika nyaraka za serikali. Mwaka uliofuata Waraka wa Serikali Nambari 1 wa 1986 ukaahidi vituo vya biashara na uzalishaji katika miji midogo ya mashambani, ili kijana asilazimike kukimbilia jiji kubwa kutafuta riziki. Kisha mwaka 2009, dunia ilipotikiswa na msukosuko wa fedha nasi tukiwa hatujafuta machozi ya ghasia za uchaguzi, ukaja Mpango wa Kuchochea Uchumi, uliotengewa shilingi bilioni 22, na ndani yake masoko ya mazao mabichi, mabwawa ya samaki, na mabanda ya viwanda vidogo kwa kila jimbo la uchaguzi, yakiwa majimbo 210 wakati ule.

Katika nchi yetu hii ya chai, ambayo ilikuwa wilaya moja ya Kericho mpaka Bomet ilipojitenga mwaka 1992, majimbo yalikuwa 8. Leo ni 11. Natia mkazo juu ya hesabu hiyo ndogo kwa sababu ndani yake mna chanzo cha maradhi. Banda lilijengwa kwa jina la jimbo, juu ya ardhi ya baraza la mitaa, kwa fedha za wizara ya Nairobi. Halafu mipaka ya majimbo ikachorwa upya, mabaraza ya mitaa yakafa mwaka 2013 serikali za kaunti zilipozaliwa, wizara ikabadilishwa jina na kugawanywa, na mabanda yakakabidhiwa Mamlaka ambayo yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, baada ya mengi yao kujengwa. Jaalia mtoto aliyezaliwa na baba mmoja, akasajiliwa kwa jina la wa pili, akalelewa nyumbani kwa wa tatu, kisha wote watatu wakahama: ni nani atakayemlipia karo?

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezipa kaunti kazi ya kukuza na kusimamia biashara, masoko yakiwemo. Na Ibara ya 187 imeeleza jinsi kazi inavyoweza kuhamishwa kutoka ngazi moja ya serikali kwenda nyingine, na kwamba rasilimali za kuitendea kazi hiyo sharti ziandamane nayo. Mamlaka ya Mpito iliundwa ili, pamoja na mambo mengine, iorodheshe mali na madeni ya mabaraza yaliyokufa; muda wake ukaisha mwaka 2016, na kiporo chake kikaachiwa Kamati ya Kiufundi ya Uhusiano wa Serikali. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amekwisha kuandika katika ripoti zake habari za mabanda yaliyokaa bure na ya viwanja visivyo na hati. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kusema kwamba jambo hili ni la siri. Linajulikana, ila halina mwenyewe.

Wenzetu wa pwani, ambao niliishi nao nikala chakula chao na kujifunza lugha yao, wana taasisi kongwe iitwayo wakfu, ambayo kwayo mtu huitoa nyumba au shamba lake litumike kwa heri ya wengine, lisiuzwe wala kurithiwa. Nilipowauliza wazee wa Mji wa Kale kwa nini wakfu mmoja hustawi vizazi kwa vizazi na mwingine huporomoka mpaka paka wakazalia ndani, walinijibu kwamba tofauti si utajiri wa aliyeweka wakfu wala uzuri wa nyumba, ila ni mutawalli, yaani msimamizi: wakfu wenye mutawalli anayejulikana kwa jina, anayepokea kodi na kuziba paa, na anayeweza kuitwa mbele ya kadhi ajieleze, huo huishi, wakfu usio naye hufa, hata kama aliyeuweka alikuwa walii. Na mimi nasema, mabanda haya ni wakfu wa taifa uliokosa mutawalli.

Lakini sitaki nidhaniwe kwamba naweka lawama yote juu ya karatasi. Zipo kasoro za ujenzi na za mahali. Jengo lililowekwa mahali ambapo ardhi ilipatikana bure, badala ya mahali ambapo wateja hupita, halitajazwa hata likitolewa bila kodi, kwa kuwa fundi huishi kwa jicho la mpita njia. Mashine ya kuranda mbao inayotaka stima ya nguvu ya nyaya tatu haitageuka mahali penye stima ya kuwashia taa tu. Somo hilo Dar es Salaam walilipata kwa gharama kubwa, maana lile jengo la Machinga Complex la Ilala, lililofunguliwa mwaka 2010 kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, lilikaa miaka likiwa na vizimba vitupu huku wamachinga wakiendelea kuuza barabarani. Kwani mnunuzi wa soksi hapandi ghorofa kuzitafuta, na muuzaji wa soksi analijua hilo kabla ya mhandisi.

Na sisi raia, insafu inatutaka tukiri, hatuna mikono safi. Wako miongoni mwetu waliogawiwa nafasi katika mabanda wakazifanya stoo ya mbolea. Wako waliozipangisha kwa wengine kwa kodi maradufu. Wako walioondoka na bati na balbu. Kamati za mafundi nyingine ziliundwa kwa ajili ya kupigiwa makofi siku ya uzinduzi, zikasambaratika ilipofika siku ya kulipa bili. Mali ya umma kwetu imekuwa kama mto: kila mtu huchota, hapana aupandiaye miti kingoni.

Najua pia kwamba kuna wenye rai ya kuyauza yote, wakisema serikali si mfanyabiashara na jengo tupu ni gharama. Rai hiyo ina chembe ya hekima, lakini wenye umri wangu tunakumbuka jinsi mali ya umma ilivyouzwa zamani, na Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilijaza kurasa nyingi kwa habari za viwanja vya umma vilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Mnada wa kitu kisicho na hati, kisichojulikana ni cha nani, katika mji mdogo ambamo wote hujuana, humpa ushindi yule aliyekwisha kushinda kabla nyundo haijagonga. Kuuza kwaweza kuja, lakini kuje baada ya daftari, kusitangulie.

Basi naomba nini? Naomba mambo manne, na yote hayataki fedha nyingi.

La kwanza ni daftari. Kila kaunti, ikishirikiana na Mamlaka, itoe katika muda wa siku tisini orodha ya kila banda la viwanda vidogo, kila soko lililojengwa likafungwa, na kila karakana ya serikali iliyo tupu: mahali lilipo, nambari ya kiwanja, kama lina hati, kama lina maji na stima, mashine zilizomo, na jina la ofisa aliye na ufunguo. Orodha hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila wadi, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, mahali ambapo mchuuzi wa ndizi aweza kuisoma bila kuomba miadi. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali; sisi hatuombi hisani.

La pili ni mutawalli. Kwa kila jengo katika orodha hiyo, pande mbili za serikali zikubaliane kwa maandishi ni nani mwenye dhamana, na pale watakaposhindwa, Kamati ya Kiufundi iliyoachiwa kiporo iamue. Kwa maoni yangu kaunti ndiyo inayofaa, kwa kuwa iko karibu na lawama. Lakini hata likibaki kwa Nairobi, heri Nairobi yenye jina la mtu kuliko Kericho isiyo na mtu.

La tatu ni mkataba wa upangaji ulio wa kweli. Fundi hatahama kutoka kando ya barabara, ambako hana kivuli lakini ana wateja, aende bandani kwa ahadi ya mdomo ambayo mwakilishi wadi mpya aweza kuifuta kesho. Apewe mkataba wa miaka mitano, wenye sahihi na muhuri. Kodi yake isizidi ile anayolipa sasa. Na miezi sita ya mwanzo asilipe kitu, kwa sharti kwamba akarabati jengo kwa mikono yake, kwani nani ajuaye kuchomelea mlango kuliko mchomeleaji? Na nafasi itakayofungwa miezi mitatu bila kazi irudi kwa mwingine aliye kwenye foleni, awe nani awaye.

La nne ni ruhusa ya kubadili matumizi. Pale ambapo jengo liko mahali pabaya kwa fundi, tusilazimishe. Huenda pakafaa kupozea maziwa ya ushirika, au kuoteshea miche ya parachichi, au kuwa darasa la ufundi. Na pale ambapo halifai kwa lolote, mutawalli aseme hivyo kwa ujasiri, litolewe katika daftari kwa njia ya sheria, na tujue kwamba tulikosea.

Nawasihi mtazame jinsi kazi ilivyo tele nje ya kuta hizo tupu. Mnamo Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho na roho ikapotea, kwa sababu kila mashine iliyoingia shambani iliwatoa wachumaji wengi. Mimi nahuzunika pamoja nao, lakini mashine hizo hazirudi zilikotoka, na kila moja ina makali yanayohitaji kunolewa na injini inayohitaji kutengenezwa. Kwa nini mtoto wa mchumaji aliyeachishwa kazi asifunzwe kuitengeneza, katika karakana iliyokwisha kujengwa, kwa mashine ambazo huenda bado zimo ndani zikiwa katika nailoni ya kiwandani? Hapa Timbilil, karibu na mji wa Kericho, kuna Taasisi ya Utafiti wa Chai ambayo asili yake ni mwaka 1951, na ambayo mwaka 2011 iliwatolea wakulima mche wa chai ya zambarau. Hapa Kabianga, ambapo serikali ilianzisha shule mwaka 1925, kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013. Na tangu mwaka 1969 mnada wa chai uliohamishwa kutoka Nairobi umefanyika Mombasa, ambako kwa macho yangu niliona majani ya mlima huu yakipakiwa melini katika mifuko ya jumla, yakachanganywe na kufungwa ng'ambo kwa jina lisilo letu. Elimu tunayo, majani tunayo, na paa tunalo.

Na sasa, Waheshimiwa, nafika penye kiini cha barua hii. Tangu mwaka 2023 serikali kuu na serikali za kaunti zimeazimia kujenga katika kaunti vituo vya kukusanyia mazao na viwanda, kila kimoja kwa shilingi milioni 500, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Sipingi azma hiyo. Mkulima anayeuza maziwa na viazi kwa bei ya kutupa anakihitaji kituo kama hicho. Lakini tazameni: nusu kwa nusu. Fedha mbili, serikali mbili, jengo moja. Ni mkataba gani ulioandikwa kueleza nani atakuwa na ufunguo siku ambayo utepe umekatwa, hema limekunjwa na magari ya wageni yameteremka kwenda Nairobi? Nani atalipa stima mwezi wa kwanza kabla mpangaji hajaja? Nani ataitwa mbele ya bunge la kaunti mwaka wa tano, ikiwa milango bado imefungwa? Ikiwa majibu ya maswali hayo yapo, yabandikwe ubaoni kando ya orodha niliyoiomba. Ikiwa hayapo, basi tunajenga mwana mwingine wa ukoo ule ule, ila huyu ni mnene zaidi.

Kwa hiyo nawaomba mabunge ya kaunti mfanye jambo moja ambalo liko ndani ya uwezo wenu: msiidhinishe shilingi nyingine ya jengo jipya la viwanda kabla ya kuletewa mezani daftari la majengo ya kale na jina la msimamizi wa lile jipya. Hiyo ndiyo kazi ya karani, nami nilikuwa karani, wala sioni haya kuwaomba wakubwa waifanye. Karani humwuliza mpagazi jina la mpokeaji kabla hajaushusha mfuko, wala hangoji mpaka ghala lijae.

Sihitaji jibu refu. Nileteeni mstari mmoja tu kuhusu lile jengo la kwanza nililolisimulia, ambalo mkiniuliza kwa barua nitawatajia kituo chake: nambari ya kiwanja, na jina la mtu aliye na ufunguo. Nikiupata nitampelekea fundi, na yaliyobaki atayafanya mwenyewe.

Nabaki kwa heshima,

Karani mstaafu wa ghala la chai,
Kabianga, Kaunti ya Kericho.